Kona zimegeuka vurugu, na kamati ya kanisa inauliza madaftari

SWALI

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ninafundisha chekechea iliyo chini ya kanisa. Darasa lina watoto 34 wa miaka minne na mitano. Tupo mimi na msaidizi mmoja, chumba cha mita sita kwa nane, na uwanja wenye kivuli. Muhula huu tuliacha kuwakalisha mezani asubuhi nzima, tukaanzisha kona tano: ya ujenzi, ya nyumbani, ya vitabu, ya mchanga na ya kufinyanga. Wana dakika 20 za kona kila siku, na anayeingia lazima kwanza aseme mstari wa Biblia wa wiki.

Haiendi. Wavulana sita wameiteka kona ya ujenzi, matofali ya mbao yanarushwa, kona ya vitabu haina mtu, na kengele ikilia ni vilio. Tulipoigiza Daudi na Goliathi, mtoto mmoja alipasuka mdomo. Wapo pia wanaocheza "kanisa": wanabatiza mwanasesere kwenye beseni, wanahubiri, na mmoja humwambia kila anayemnyima kitu kwamba Mungu atamchoma moto. Sijui nikataze au niache.

Wazazi wanafungua mabegi na kukuta madaftari matupu. Mzee mmoja wa kamati ameuliza kwenye kikao kama kanisa linagharamia watoto waje kucheza. Ninaamini mchezo unafundisha, lakini nikitazama darasa langu sina cha kuwaonyesha. Nianzie wapi kurekebisha, na niwajibu nini?

Mwalimu wa chekechea

JIBU

Mwalimu wetu,

Anzia kwenye saa. Dakika 20 ndizo zinazokuharibia karibu kila kitu ulichokitaja. Watoto wa umri huu hutumia dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo kugawana kazi tu: nani mama, nani dereva, gari liwe hapa au pale, tofali lile la nani. Wakishapatana, kengele inalia. Kwa hiyo wanachokifanya kila siku ni kugombea vitu, na mchezo wenyewe hawaufikii. Wakilia wasikilize, maana wana haki: umewakatiza walipokuwa ndio kwanza wanaanza. Wape dakika 50.

Utasema chumba hakitoshi, na ni kweli. Mita za mraba 48 kwa watoto 34 ni chini ya mita moja na nusu kwa kila mtoto, na hapo hujatoa nafasi ya rafu na meza. Ugawe darasa. Watoto 17 wabaki nawe ndani kwenye kona, 17 watoke na msaidizi uwanjani kukimbia, kupanda, kumwaga na kubeba, kisha mbadilishane. Mchanga uhamie nje kabisa. Ufunikwe usiku ili paka wasiufanye choo, na beseni la maji limwagwe kila kipindi kinapokwisha: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimeta tano, kwa hiyo maji hayaachwi bila mtu mzima hata kwa dakika moja.

Ndani weka kona tano za nafasi nne nne. Kwa kuwa mchanga umetoka, nafasi yake ichukuliwe na meza ya kuchora na kukata. Hizo ni nafasi 20 kwa watoto 17, na zile tatu za ziada ndizo siri ya utulivu. Nafasi zikilingana na watoto, hakuna anayeweza kuhama mpaka mwingine ahame, na hapo ndipo kusukumana kunapoanza. Kila kona itundikiwe misumari minne isiyo na ncha kali, au kamba yenye vibanio vinne vya nguo. Kila mtoto awe na kadi ya jina lake yenye picha au alama pembeni. Anaitundika anapoingia, anaitoa anapohama. Hakuna pa kutundika, hakuna nafasi. Hahitaji kukuuliza wewe. Baada ya wiki chache utaona wanazitambua kadi za wenzao, na hapo tayari wameanza kusoma.

Sasa matofali. Yanarushwa kwa sababu huenda ni machache na hayalingani. Watoto wanne wanahitaji mia moja hivi ili kila mmoja ajenge kitu kinachosimama. Fundi seremala anaweza kuyakata kutoka vipande vinavyobaki, lakini mpe vipimo, usimwachie akate ovyo. Kipimo kinachotumika sana tangu mwalimu wa Kimarekani Caroline Pratt akiunde mwanzoni mwa karne iliyopita ni tofali la urefu wa sentimeta 14, upana 7 na unene 3.5. Urefu ni mara mbili ya upana, upana ni mara mbili ya unene. Kata pia nusu yake, na marefu mara mbili na mara nne. Hapo hesabu imo ndani ya mbao: mtoto aliyekosa refu atagundua mwenyewe kwamba mawili ya kawaida yanajaza pengo lile lile. Vipande visivyolingana havimfundishi hilo, vinamwangushia ukuta tu, na ukuta ukianguka mara tatu hasira huingia. Yapigwe msasa pembe zote, yasipakwe rangi, na isitumike mbao iliyotiwa dawa ya wadudu.

Chini bandika utepe sentimeta 60 kutoka kwenye rafu; hakuna kujenga kati ya utepe na rafu, kwa kuwa anayefuata tofali hupita hapo na ndipo majengo ya wenzake yanapobomolewa. Mnara usizidi bega la anayeujenga. Na kila mtu hubomoa alichojenga mwenyewe. Sheria hizo tatu zinatosha, ukiongeza ya nne watasahau zote.

Wale wavulana sita usiwafukuze. Sogeza kona ya nyumbani iwe jirani na ujenzi, ondoa kizuizi kati yao, na wewe mwenyewe ukae kwenye mkeka wa ujenzi dakika kumi za mwanzo kwa wiki mbili. Mwalimu anapokaa, wasichana hufuata; na nyumba ya mwanasesere ikihitaji kitanda au ukuta, matofali yatavuka yenyewe. Kona ya vitabu nayo huenda iko mahali pabaya, karibu na kelele au penye giza, na vitabu vimepangwa migongo nje. Mtoto asiyesoma hachagui mgongo wa kitabu. Vionyeshe majalada, visizidi kumi, vitatu vibadilishwe kila wiki.

Na wewe ufanye nini kwa dakika hizo 50? Hapa ndipo walimu wengi wanaposhindwa, kwa sababu tumezoea kufundisha tukiwa tumesimama. Kaa chini, tazama, nyamaza. Kabla hujaingilia, hesabu kimoyomoyo hadi kumi, isipokuwa mtu anaumizwa. Ukiingia, ingia kama mgonjwa, abiria au mgeni aliyebisha hodi, si kama mkaguzi. "Hii ni rangi gani?" ni swali la mtihani, na mtoto aliye katikati ya mchezo hulijibu kisha huacha mchezo. Sema unachokiona: "Naona daraja lako limeinamia upande huu." Kisha subiri. Ukishatia wazo moja, toka.

Tazama watoto wanne tu kila siku, ukiwa na vipande vya karatasi mfukoni. Andika jina, tarehe, alichofanya na maneno aliyosema kama alivyoyasema. Usiandike "amechangamka" wala "mkaidi", andika "alihesabu vikombe vitano, akaruka cha nne, akarudia." Kwa siku tisa za shule utakuwa umewamaliza wote 34. Vipande hivyo ndivyo vitakavyokujibia kwenye kikao, tutafika huko.

Kuhusu Neno, tukuombe jambo moja kwanza: ondoa sharti la kusema mstari ndipo mtoto aingie kwenye kona. Mstari wenyewe ni mzuri, lakini umeufanya mlango uliofungwa, na anayeshindwa kuukumbuka anajifunza kwamba Biblia ndiyo inayomzuilia raha. Ufundishe mstari mmoja mfupi kwa wiki mbili, maneno sita hadi manane, wenye ishara za mikono, nao muuseme pamoja mnapopanga foleni kwenda kunawa. Watakaoukosa leo watausikia kesho kwa wenzao.

Hadithi ya Biblia isimulie kwa vitu: vipande vya mbao, vitambaa, sanduku dogo. Dakika nane hadi kumi, sauti ya chini, macho kwenye vitu. Ukimaliza usieleze fundisho. Viweke vitu hivyo kwenye rafu ambapo mtoto anaweza kuvichukua wakati wa kona, avisimulie mwenyewe. Hapo ndipo utajua alichoelewa. Mtoto wa miaka minne huchukua maneno kama yalivyo. Ukimwambia Yesu anakaa moyoni, atajiuliza anapitia wapi na anaenea vipi. Lakini kondoo aliyepotea akatafutwa, hilo analishika mkononi zima zima.

Chagua hadithi ambazo kazi yake imo ndani yake tayari. Kwa hesabu, mfano wa kondoo mia unamzidi mtoto huyu, lakini katika sura hiyo hiyo ya Luka 15 yumo mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja. Kumi ni hesabu yao kabisa. Vipande kumi vya duara, ufagio mdogo, taa ya karatasi. Mmoja anaficha, mwingine anahesabu, anafagia, anatafuta. Vipande viwe vikubwa, vipana zaidi ya sentimeta nne, visimezwe. Kwa lugha, wapigie makofi majina: Nu-hu mawili, Da-u-di matatu, Sa-mu-e-li manne. Kiswahili kinatuhurumia hapa, silabi zake ziko wazi, na mtoto anayesikia silabi hatahangaika sana atakapoanza kusoma.

Nyumba juu ya mwamba na juu ya mchanga ndiyo inayoharibika zaidi mikononi mwa walimu, na sababu ni ndogo. Mchanga ukiwa na unyevu na ukashindiliwa, ni imara. Nyumba haianguki, na mtoto anaona hadithi si kweli. Tumia trei yenye mchanga mkavu uliolegea, kina cha sentimeta nane hivi, na upande wa pili jiwe bapa lililozikwa nusu. Nyumba ziwe mbili zinazofanana, nyembamba na ndefu kidogo, kwa sababu pana hukaa hata pakichimbika. Maji nusu lita kwa jagi, yamwagwe chini pembeni mwa msingi, si juu ya paa. Mchanga utaondoka chini ya ukuta mmoja, nyumba itainama, kisha itaanguka. Kisha waache warudie watakavyo. Kuna atakayejaribu kuiokoa ile ya mchanga kwa kuizungushia mawe. Usimkatize, huyo anafikiri.

Goliathi asiwe mtoto. Ukimpa mtoto kazi ya kuwa adui anayepigwa, ama atapigwa kweli ama atapiga, kama ulivyoona. 1 Samweli 17 inasema urefu wake ni dhiraa sita na shibiri. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, shibiri ni kiganja kilichotanuliwa. Mchoreni chini uwanjani kwa chaki, watoto wakipima kwa mikono yao, kisha wewe upime kwa mkono wako kando yake. Wa kwao atakuwa na kimo cha mtu mzima wa kawaida, wako atakaribia mita tatu. Waulize kwa nini Goliathi ni wawili. Hilo ni somo la vipimo ambalo daftari lisingelifundisha. Mawe matano ya Daudi yawe mipira ya karatasi, na shabaha iwe boksi.

Mchezo wa "kanisa" usikataze. Watoto huigiza yale yanayowagusa, na wakibatiza mwanasesere wanayafanyia kazi waliyoyaona bila kuyaelewa yote. Usiwacheke wala kuwapiga picha za kuchekesha watu wazima. Vyombo vya ibada vya kweli visiingie darasani. Wapewe kitambaa, kikombe na kitabu vya kwao. Mipaka ni hii: anayebatizwa ni mwanasesere, kichwa cha mwenzao hakiingii majini, na hakuna anayeshikwa kwa nguvu aombewe. Kama taratibu za kanisa lenu zinataka meza ya Bwana isiigizwe, waambie wazi kwamba hiyo ni ya kanisani, na uwape karamu ya kawaida ya wageni. Yule anayesema "Mungu atakuchoma" mwite kando, papo hapo, kwa sauti tulivu: "Hapa hatutumii jina la Mungu kumtisha mwenzetu. Unataka lile gari? Mwambie, naomba ukimaliza." Mpe maneno ya kuomba anachotaka, kwa sababu kwa sasa tisho ndilo chombo pekee alicho nacho. Na usimshtaki kwa mzazi mbele ya wengine. Huenda ndivyo anavyoonywa nyumbani.

Tuje kwa wazazi. Hofu yao ina msingi, usiidharau. Shule anayokwenda mtoto mwaka ujao inaweza kumtaka ajue jina lake na sauti za herufi. Kwa hiyo watoto wa miaka mitano wapate dakika 15 za herufi kila siku, kikundi cha wanane au tisa, kuanzia irabu na herufi za majina yao. Kalamu ije baada ya mkono kupata nguvu. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado inakomaa miaka hii, na ukimlazimisha kujaza kurasa atakamata kalamu kwa ngumi na tabia hiyo haitoki upesi. Nguvu inatoka kwenye kufinyanga, kukata kwa mkasi butu na kukamua sponji. Unga wa kufinyangia huhitaji kuununua: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko vikubwa viwili vya mafuta, na maji yanayokaribia kikombe, yakiongezwa kidogo kidogo. Ukinata, ongeza unga. Ukimeguka, lowesha viganja tu. Uhifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, ukianza kunuka utupwe. Mwenye kidonda mkononi apumzishwe, chumvi itamuuma. Palipo na udongo safi wa mfinyanzi, huo ni bora zaidi kwa vidole.

Badala ya daftari tupu, kila mtoto awe na jalada. Ndani yake mchoro wa mtu na jina lake alivyoliandika, kila mara baada ya miezi miwili, vyote vikiwa na tarehe, pamoja na vipande vyako vya karatasi. Mzazi akiona mtu wa mwezi wa kwanza ni duara lenye miguu, na wa mwezi wa tano ana shingo, vidole na vifungo vya shati, hatahitaji hotuba. Juu ya kila kona bandika sentensi moja tu inayosema kinachofanyika pale, kwa mfano: "Hapa tunalinganisha urefu."

Na yule mzee wa kamati, usibishane naye kikaoni. Mwalike asubuhi moja, akae kwenye kiti kidogo dakika 50 zote, umpe karatasi na watoto wawili wa kuwatazama, aandike walichofanya. Akiuliza kuhusu Maandiko, mwonyeshe Zekaria 8:5, ambapo mji uliorejezwa na Bwana unajulikana kwa wavulana na wasichana wanaocheza katika njia zake. Akidhani haya ni mambo ya kigeni kwa kanisa, mwambie kwamba Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837 na kuiita bustani ya watoto mwaka 1840, alikuwa mtoto wa mchungaji, na vitu vya kuchezea ndivyo vilivyokuwa zana zake za kufundishia. Lakini usimwalike wiki hii. Chukua mwezi mmoja kwanza, kadi za majina zikishazoeleka na jalada la kila mtoto likiwa na angalau vipande viwili.